MITO YA BUSIA NA TORORO: KUMBUKUMBU ZA UMRI MZIMA WA KAFI NA MTUMBWI

Askari anapopelekwa kwa mara ya kwanza kulinda mpaka wa Uganda na Kenya katika wilaya za Busia na Tororo, jambo la awali analoonyeshwa ni ramani. Humo ataiona mito ya Sio, Malaba na Lwakhakha imechorwa kama nyuzi nyembamba, nchi moja huku na nchi nyingine kule. Ramani hiyo ni ya kweli, na kazi ya kuulinda mstari huo ni kazi ya heshima. Lakini uzi wa ramani hauna kina, hauna mkondo, wala haufuriki usiku wa manane. Mto una hayo yote, na askari asiyeyajua huweza kupoteza maisha yake kabla hajamwona hata adui mmoja.

Sisi tunaoandika makala haya tulizaliwa kandokando ya Mto Sio, na umri wetu umekwisha vuka miaka sabini. Tumevuta kafi tangu utotoni, tumesukuma pondo katika vinamasi vya Mpologoma, na tumeelea juu ya vyelezo vya mafunjo. Katika umri huo tumewaona wazee wa kafi wakipungua mmoja baada ya mmoja, na elimu yao ikizikwa pamoja nao. Ndiyo sababu tumeona yafaa kuandika machache tunayoyakumbuka, hasa kwa ajili ya askari jeshi na polisi ambao leo ndio wanaokesha kwenye kingo za mito hiyo.

MITO MIWILI NA SAFARI YAKE

Kwanza yafaa msomaji aelewe mito hii yatoka wapi na yaenda wapi. Sio huanzia upande wa Kenya, katika nchi ya Bungoma, ukashuka kuelekea kusini-magharibi na kupita jirani na Busia. Sehemu yake ya chini ndiyo mpaka wenyewe, hadi unapoingia Ziwa Viktoria kwenye Ghuba ya Berkeley. Upande wa Kenya ipo bandari ndogo ya Sio Port. Upande wa Uganda ipo Majanji.

Malaba, kwa upande wake, hupokea maji ya Mlima Elgon. Lwakhakha nao hushuka kutoka mlima huohuo, ukawa mpaka kwa masafa marefu, kisha ukaungana na Malaba. Baada ya kuupita mji uliochukua jina lake, Malaba huingia ndani ya Uganda, ukapita nchi ya Tororo na kujimwaga katika Mpologoma. Mpologoma, ambao jina lake kwa Kiganda ni simba, huishia Ziwa Kyoga.

Mzee aliyetufundisha kushika kafi alipenda kutueleza jambo moja juu ya mito hiyo. Kutoka mji wa Busia hadi mji wa Malaba si mwendo mrefu. Hata hivyo, maji ya Sio huingia Ziwa Viktoria, yakatoka Jinja pamoja na Mto Naili, yakafika Kyoga. Maji ya Malaba huenda Mpologoma, nayo yakafika Kyoga hiyohiyo. Basi maji yaliyoachana mpakani hukutana tena katikati ya Uganda, na kutoka hapo husafiri pamoja hadi Sudani na Misri. Mzee huyo hakupata kusoma shule hata siku moja, lakini njia hiyo aliijua kwa kuambiwa na wavuvi wenzake waliotembea.

Mstari wa mpaka ulikuja nyuma ya watu. Hadi mwaka 1902 nchi yote ya magharibi ya Kenya ya leo ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Mwaka huo Waingereza waliihamisha kuiweka chini ya utawala wa mashariki, na mwaka 1926 amri ya serikali yao ikaeleza mpaka kwa kufuata mito. Waliochora walipenda mito kwa kuwa huonekana wazi. Wasamia wakajikuta wako kingo zote mbili, na Wateso kadhalika. Hakuna aliyehama. Mtu alibaki na shamba lake huku na mjomba wake kule, na kati yao mtumbwi.

CHELEZO KABLA YA MTUMBWI

Katika utoto wetu, mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuendelea, mtoto hakupewa mtumbwi. Alianza na chelezo. Mafunjo yalikatwa, yakaachwa juani siku mbili tatu, yakafungwa matita, na matita yakaunganishwa kwa kamba za magome. Mahali palipokosekana mafunjo tulitumia vigogo vya migomba. Chelezo hakina omo wala tezi. Huenda kokote mkondo uendako. Kwa sababu hiyo mtoto alijifunza kwanza tabia ya maji, kisha ndipo akajifunza kuyaongoza.

Mtumbwi wa mtoni ulichongwa kutokana na gogo moja, na mti uliosifiwa zaidi ni mvule. Fundi alilifungua gogo kwa shoka, akalichimba kwa tezo na kwa moto mdogo uliochungwa sana. Kazi hiyo ilichukua majuma mengi. Ziwani walitumia mitumbwi mikubwa zaidi, ile ya mbao zilizoshonwa kwa kamba za mimea na kuzibwa nyufa zake kwa nyuzi za mimea. Vyombo vya namna hiyo ndivyo vilivyokuwa fahari ya majeshi ya Buganda katika Ziwa Viktoria. Mwishoni mwa karne ya 19 Semei Kakungulu na watu wake walitumia mitumbwi kuvuka maji ya Kyoga walipoingia Teso na Bukedi, kabla hajajenga ngome yake Budaka. Askari wa leo wakumbuke, basi, kwamba katika nchi hii jeshi lilisafiri kwa kafi zamani kabla halijapanda lori.

Tulipopanda mtumbwi kwa mara ya kwanza tulifundishwa mambo matatu tu. La kwanza, keti chini, magoti yabane mbavu za chombo, maana mtu anayesimama huupindua mtumbwi kwa kichwa chake. La pili, uzito wagawanywe sawasawa, na mzigo uwekwe katikati. La tatu, amri iwe ya mtu mmoja. Wahenga walisema nahodha wengi, chombo huenda mrama. Nasi tuliyaona maneno hayo yakitimia zaidi ya mara moja.

MSIMU WA NINGU

Hakuna kumbukumbu tamu kwetu kuliko msimu wa ningu. Samaki huyo huishi ziwani, lakini mvua kubwa zinapoanza hupanda mito kwenda kutaga mayai katika nyasi zilizofunikwa na mafuriko. Katika utoto wetu alipanda Sio, na Nzoia kule Kenya, kwa makundi makubwa. Watu wa vijiji walijenga nyua za miti na matete kukata mto, wakaacha milango, na milangoni wakaweka migono iliyosukwa. Ua mmoja ulikuwa wa ukoo fulani, na kila ukoo uliijua zamu yake. Watu wa Uganda na watu wa Kenya walitega pamoja, wakagawana pamoja.

Neema hiyo haikudumu. Nyavu za kutega zilipowekwa kwa wingi kwenye milango ya mito, ningu walinaswa kabla hawajapanda kutaga, na kuanzia miaka ya 1950 idadi yao ilianguka vibaya. Wakati huohuo, katika miaka ya 1950 na 1960, sangara aliingizwa katika Ziwa Viktoria, akawala samaki wengi wadogo. Leo kijana wa Busia akiulizwa juu ya ningu atasema amemsikia kwa babu yake. Nyua za koo zilikuwa sheria bila polisi. Zilipovunjika, mto ulibaki bila mlinzi.

MAJI YA UHURU

Mvua za mwishoni mwa mwaka 1961 tunazikumbuka vizuri, kwa kuwa zilitufanya wanaume kabla ya wakati. Zilinyesha pasipo kukoma. Hadi mwaka 1964 Ziwa Viktoria lilikuwa limepanda zaidi ya mita 2, na maji yaliyopanda hayakurudi upesi. Mlango wa Sio ukawa ghuba, mashamba yakawa maji, na njia tulizozipita kwa miguu tukazipita kwa kafi. Kule Kyoga, bandari ya Namasagali iliharibiwa na mafuriko hayo, ikafungwa.

Katika siku hizo tulijifunza kwamba mtumbwi mdogo ni chombo cha kuokolea watu kuliko mashua kubwa, kwa sababu hupita kati ya miti na juu ya migomba. Tulibeba wazee, mbuzi, magunia ya wimbi na watoto waliofungwa migongoni mwa mama zao. Mzee wetu aliweka sharti moja: mtumbwi usibebe zaidi ya watu wanne, hata kama wa tano analia. Wengine walimwona mkatili. Mtumbwi wake haukupinduka hata mara moja katika msimu wote ule.

Sharti hilo tumelikumbuka kila tulipopata habari za misiba ya maji. Meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza mwezi Mei 1996, na mamia ya watu wakaangamia. MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara mwezi Septemba 2018, nayo ikaua zaidi ya watu 200. Vyombo hivyo vyote viwili vilikuwa vimejaza watu kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani kote. Wengi wao walikuwa katika nchi kama zetu, mahali ambapo mto hauvukwi kwa starehe, huvukwa kwa haja.

MIAKA YA KAHAWA NA MIAKA YA RISASI

Haitakuwa haki kuandika habari za mito hii kwa askari pasipo kutaja magendo. Mwezi Julai 1975 baridi kali iliiunguza mibuni ya Brazil, na bei ya kahawa duniani ikapaa. Uganda ilikuwa na kahawa, lakini fedha yake ilikuwa imeshuka thamani na bidhaa zilikuwa haba madukani. Kahawa ikaanza kuvuka mpaka usiku, kwa vichwa vya watu, kwa punda katika njia za Elgon na kwa mitumbwi. Soko la Chepkube, upande wa Kenya, likajulikana kotekote. Serikali ya wakati huo iliunda kikosi cha kupambana na magendo, na ziwani risasi zikawa sauti ya kawaida.

Tulichokiona sisi wenyeji ni kwamba mto uliwaua wachukuzi wengi bila msaada wa risasi. Mtu aliyeogopa kuonekana alivuka gizani, mahali asipopajua, mtumbwi ukiwa umezama hadi ukingoni kwa uzito wa magunia. Asubuhi tuliokota makafi yaliyoelea. Na askari waliowafuata, vijana waliotoka nchi kavu za mbali, nao walikufa maji vivyo hivyo, wakiwa wamevaa buti na mikanda ya risasi.

Kisha vikaja vita vya 1979. Watu walipokimbia, mitumbwi ileile iliyobeba magunia ikabeba familia kwenda kwa ndugu zao Kenya, na miezi michache baadaye ikawarudisha. Desemba 1987 risasi zikalia tena, safari hii baina ya askari wa nchi zetu mbili pale Busia, na mpaka ukafungwa kwa muda. Wavushaji waliketi ukingoni wakitazamana na jamaa zao ng'ambo, umbali wa sauti. Twashukuru kwamba mambo yalitengenezwa. Mwezi Februari 2018 marais wa Uganda na Kenya walifungua Busia kituo cha pamoja cha mpakani, ambamo maofisa wa nchi zote mbili hukaa chini ya paa moja. Wavuvi wa Sio, kwa kweli, walikuwa na kituo cha namna hiyo tangu enzi za nyua za ningu.

KUUSOMA MTO

Sasa twaomba ruhusa ya ndugu zetu askari tuwapitishe katika mafunzo tuliyoyapata kwa wazee, kwa maana hayo ndiyo hasa yaliyotufanya tushike kalamu.

Mto wa mlimani haukutani na mvua ya hapo ulipo. Malaba na Lwakhakha hujaa kwa mvua ya Elgon. Huenda Tororo kuna jua kali na mwamba wake unaonekana wazi hadi kileleni, kumbe juu mlimani kunanyesha tangu mchana, na saa kadhaa baadaye maji yakafika ghafula. Dalili zake ni hizi: rangi hugeuka kuwa ya matope, povu na vijiti huanza kupita, na sauti ya mto huwa nzito. Ukiziona dalili hizo, toa miguu yako majini kwanza, mashauri baadaye.

Ukivuka kwa mtumbwi, usiuelekeze ng'ambo moja kwa moja. Elekeza omo juu kidogo kuukabili mkondo, kisha vuta kafi taratibu. Mkondo wenyewe utakusukuma ng'ambo, nawe utatua karibu na mahali ulipokusudia. Anayelazimisha njia iliyonyooka huuonyesha mto ubavu, na mto hupenda sana ubavu wa mtumbwi.

Kabla ya kupanda, legeza kamba za mkoba, fungua mkanda mzito, na usiivae bunduki kwa kuuvusha mkanda wake kifuani. Mtu akianguka majini na mzigo uliofungwa mwilini, mzigo ndio humshika. Usijifunge kamba kiunoni katika maji yaendayo kasi, kwa kuwa kamba hiyo itakuzamisha.

Chombo kikipinduka, usikiache. Mtumbwi wa mti huelea hata ukijaa maji. Ushike, nawe ukae upande wa juu wa mkondo, usije ukabanwa kati yake na mti au jiwe. Ukitenganishwa nao, lala chali, miguu itangulie mbele, ujisogeze ukingoni kwa mshazari. Usijaribu kusimama mahali penye kasi, kwa sababu mguu ukinasa kati ya mawe, mkondo utakulaza. Na popote penye mafunjo mengi, usipite chini yake kamwe. Juu huonekana kama nyasi tulivu, chini ni giza na mizizi.

Karibu na mlango wa Sio kuna viboko, na mamba pia. Kiboko aliye majini hupewa njia. Mtumbwi haukai kati yake na kina. Jioni na alfajiri ndizo saa zake za kupanda na kushuka ukingoni, na bahati mbaya ndizo saa ambazo doria nyingi hupita.

MITO YA LEO

Mito tuliyoijua imebadilika. Mwishoni mwa miaka ya 1980 gugu maji liliingia Kyoga, kisha Viktoria, likaziba bandari na milango ya mito hadi wadudu waliofugwa maalumu walipoanza kulipunguza katika miaka ya 1990. Wakati wa mvua kubwa za 1997 na 1998, visiwa vya mafunjo vilikatika vikaelea, vikaziba njia ya kutokea Kyoga, na vijiji vikafurika. Mwaka 2020 Ziwa Viktoria lilipanda tena hadi karibu na alama ya 1964, na nyumba za kando ya maji zikahamwa. Vinamasi vya Mpologoma na Manafwa, ambavyo zamani vilikunywa mafuriko kama sifongo, sehemu zake nyingi zimekuwa mashamba ya mpunga. Mpunga ni chakula, nasi hatuulaumu. Lakini maji yaliyokosa kinamasi hutafuta njia nyingine, na mara nyingi njia hiyo ni kijiji.

Mitumbwi nayo imebadilika. Mvule mkubwa ni adimu. Sheria za uvuvi za Uganda zinakataza chombo cha chini ya futi 28 kuvua Ziwa Viktoria, na mwaka 2017 jeshi liliunda kikosi cha kulinda uvuvi ili kisimamie jambo hilo. Shabaha ni kuwaokoa samaki wachanga, na sisi tuliowaona ningu wakitoweka hatuwezi kuipinga. Twaongeza tu kwamba mzee aliyenyang'anywa mtumbwi mdogo bado ana elimu kubwa, na elimu hiyo haipimwi kwa futi.

Kule Jinja, tangu miaka ya 1990, wageni kutoka nchi za mbali wamekuwa wakilipa fedha nyingi ili waelee juu ya maporomoko ya Naili kwa vyelezo vya mpira. Kila mmoja huvikwa jaketi la kuokolea na kofia ngumu, na hufundishwa kwanza. Mama wa Busia anayevuka na kikapu cha samaki hana jaketi, na konstebo anayevuka kumfuata mwizi wa ng'ombe mara nyingi hana pia. Wote ni maji yaleyale.

Maoni yetu ni machache. Kila kituo kilichopo karibu na Sio, Malaba, Lwakhakha au Mpologoma kimwite mzee mmoja wa kafi kila mwanzo wa masika, awatembeze askari wapya kwenye vivuko kwa siku moja, awaonyeshe palipo na kina, palipo na mawe na palipo na kiboko. Majina ya vivuko hivyo yaandikwe katika daftari la kituo, ili afisa anayehamishwa amwachie anayekuja. Na jaketi la kuokolea lihesabiwe kuwa sehemu ya silaha za doria ya majini, likaguliwe kama bunduki inavyokaguliwa.

Wazee wanaoweza kuifanya kazi hiyo bado wapo, Majanji, Lumino na vijiji vya kando ya Malaba. Wengi wao wamekwisha acha kuvuta kafi, lakini hukaa ukingoni kila jioni wakiyatazama maji. Askari akipita hapo na kuwaamkia, hawatamwomba kitu. Watamwuliza tu kama anajua kuogelea.